Rangi Ambayo Scovia Alikataa Kuibuni

Scovia alizaliwa ukimbizini Tanzania, na huko ndiko mama yake, Kornelia, alikomfundisha kudarizi vitambaa vya meza. Waliporudi Burundi mwaka 2008 walipata kiwanja kidogo upande wa juu wa Rumonge, naye akaendelea na sindano yake. Wanawake wengine walidarizi waridi, kwa sababu waridi linauzika. Yeye alidarizi maua ya porini, yale yanayoota kandokando ya michikichi. Kila ua alilitazama kwanza, akahesabu petali zake, ndipo akatunga uzi.

Kitambaa chake kimoja kilitandikwa kwenye mkahawa karibu na soko. Siku moja Bernardo, profesa wa mimea kutoka Bujumbura, alikaa pale kula mukeke. Samaki akapoa. Mwenyewe alikuwa amesogeza sahani na kuinamia kitambaa. Akauliza nyumba ya aliyekidarizi, akaenda.

“Amahoro, mama. Hili ua umelitoa kwenye kitabu?”

“Hapana, Porofeseri. Iko hapo nyuma ya choo.”

Bernardo akacheka. Alikuwa anaandaa kitabu cha maua ya porini ya jamii ya alizeti, hasa yale ya milimani juu ya ziwa, na mchoraji wake alikuwa amehamia nje ya nchi. Alimwomba Scovia amjaribie.

“Krayo sijashika tangu shule ya musingi,” Scovia alisema.

“Krayo nitakufundisha. Macho ndiyo siwezi kumufundisha mutu.”

Akamwachia penseli, karatasi, lenzi na wembe. Siku ya kwanza Scovia alipasua ua katikati na kulitazama kwa lenzi. Kumbe halikuwa ua moja. Kila alichokiita petali kilikuwa ua zima, na kile kitovu cha njano kilikuwa na maua madogo mengi sana, kila moja na mdomo wake wenye ncha tano. Aliweka lenzi chini, akaenda kukaa mlangoni. Miaka yote ile alikuwa akidarizi vitovu vile kwa mafundo ya uzi, akidhani anavijua.

Baada ya hapo alichora kila asubuhi, na kwa mwaka mmoja akamaliza maua kumi na tisa. La ishirini ndilo lililoleta shida. Bernardo alimletea limekaushwa, limebanwa kati ya magazeti, jeusi kama tumbaku. Karatasi yake ilisema tu: njano.

“Njano gani?” Scovia aliuliza.

“Njano ya kawaida, mama. Wachapishaji wananisubiri.”

“Siwezi kuweka rangi ambayo sijaiona.”

Bernardo alikasirika kidogo, lakini akampa namba ya Karoli, mlinzi wa msitu kule Bururi. Scovia alipanda na gari la asubuhi, kisha wakatembea kwa miguu saa mbili, yeye na goti lake bovu, Karoli akimbebea mfuko wa rangi. Maua waliyapata kwenye majani mafupi juu ya mwamba. Lakini wingu lilikuwa limetanda, na yote yalikuwa yamefumba. Kwa nje yalikuwa ya zambarau iliyokolea.

“Mama, tushuke. Mvua iko inakuja,” Karoli alisema.

“Ndani yake sijaona, Karoli. Tungoje.”

Wakala mihogo baridi, wakangoja. Saa nane jua likatokea, na maua yakafunguka polepole mbele yao. Ndani hayakuwa ya njano. Yalikuwa na rangi ya mawese yaliyokamuliwa jana. Scovia alipiga magoti kwenye nyasi mbichi, akachanganya rangi, akapaka haraka, upande wa ndani na upande wa nje, mpaka wingu liliporudi.

Bernardo alipouona mchoro ule aliupeleka dirishani penye mwanga. Kisha akafungua kabati lake, akatoa ua jingine kavu ambalo kwa miaka sita alikuwa ameliita aina tofauti, kwa sababu aliyelichuma aliandika: zambarau.

“Alilichuma wakati wa mawingu,” Bernardo alisema. “Nami niliandika njano nikiwa ofisini, kwa kukumbuka tu. Ni ua moja, Mama Scovia.” Akachukua kalamu, akafuta majina mawili, akaandika moja. “Murakoze cane,” akamshukuru kwa Kirundi.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Scovia alimpelekea Kornelia, ambaye sasa hatoki sana nje, akamwekea mapajani, kimefunguliwa kwenye ukurasa wa ua lile. Mzee alipitisha kidole juu ya mzizi, juu ya shina, akasimama kwenye jani moja.

“Hapa iko tundu.”

“Ndiyo, mama. Mududu alikula.”

“Si ungeliziba tu? Nani angejua?”

“Lilikuwa hivyo,” Scovia akasema.

Kornelia akalitazama tena jani lile kwa muda mrefu, kisha akaomba afunuliwe ukurasa mwingine.