Mkono wa Fundi Zebedayo

Hapa Chapwa ulikuwa hununui sabufa ya mdundo, wala hom thieta, wala hata redio ya kutundika ukutani, kabla Zebedayo hajaiwekea mkono. Ukijinunulia kimya kimya ikakufia, hukupata huruma, uliulizwa tu, "Ulimwonyesha Zebedayo?" Watu walitoka Vwawa, walitoka Itumba, hata Wazambia walivuka kutoka Nakonde kuja kuomba ushauri wake. Wenye maduka wenyewe walikuwa wakileta maboksi mezani kwake yajaribiwe, maana asilolisifu halikutoka dukani.

Mimi napika chai na chapati ubavuni mwa meza yake, mwaka wa kumi na mbili sasa. Wananiita Mama Gloria.

Masikio yake yalianza kuziba mwaka juzi. Asubuhi moja nilimsalimia mara tatu akiwa amenipa mgongo, hakuitika, nikakasirika kweli, nikadhani amenuna. Nilipomzungukia akaniona, akanisalimia kwa furaha kama kawaida. Nikaelewa. Hakuniambia, na mimi sikumwuliza. Ila tangu siku hiyo mteja akisema jambo, mimi nalirudia huku nikimtazama Zebedayo usoni, kama natania: "Fundi, umesikia? Anataka ya kutikisa mtaa!" Naye anasoma mdomo wangu, anacheka, anajibu. Watu wakasema Mama Gloria ana domo. Ninalo, sibishi, lakini kwa hilo lilikuwa na kazi.

Zamani alijaribu spika kwa kuinamisha kichwa na kusikiliza. Sasa akawa anaweka kiganja mgongoni mwa boksi na kufumba macho. Wateja walilipenda hilo, wakaona ndio utaalamu wenyewe. Mficha uchi hazai, wanasema wahenga, lakini sisi wawili tulificha na mambo yakaenda.

Mpaka alipokuja Atuganile. Ni mama wa makamo kutoka Ileje, kule milimani karibu na Itumba, mpole, anaongea taratibu na kwa urefu. Alikaa kwenye kigoda mbele ya Zebedayo, akaeleza.

"Baba, naomba unishauri, mimi vitu hivi sivijui. Mama yangu macho yamekwisha. Sisi tukienda shamba anabaki ndani peke yake mpaka jioni. Televisheni tunayo, lakini sauti yake imefifia. Nataka kitu kitakachompa maneno ya watu, neno kwa neno, ajione anaishi na wenzake."

Zebedayo akanigeukia, akingoja mdomo wangu. Nilikuwa na chapati inayoanza kuungua, na madereva wanne wa malori wananipigia kelele za chai. Nikasema, "Anataka hom thieta nzuri ya nyumbani!" Basi. Hayo tu.

Yakaletwa maboksi matatu kutoka dukani. Akayajaribu yote kwa kiganja, akachagua lililotetemesha meza mpaka vikombe vyangu vikalia. "Hii hapa, mama. Hutajuta." Atuganile akamshukuru kwa kupiga goti kidogo, kama wanavyofanya kwao, akapandisha mzigo wake garini, akaenda.

Baada ya wiki mbili alirudi nalo, limefungwa kwa kamba. Hakuja na ugomvi. Ningependa angekuja na ugomvi, ugomvi naujua.

"Mama anasikia mdundo tu," aliniambia, maana mimi ndiye niliyemtazama. "Mtangazaji anasema nini, hajui. Mahubiri ya Jumapili hakuambulia hata neno. Akaniambia, mwanangu, mmeninunulia ngurumo. Akalia. Mama yangu hakulia hata macho yalipozima."

Aliweka spika mezani, akaanza kukunjua waya wa umeme. Foleni ya malori ya kwenda mpakani ikasogea, na lori moja likasimama karibu kabisa, injini ikinguruma. Meza ikaanza kutetemeka. Zebedayo akaweka kiganja chake juu ya spika, akafumba macho, akatabasamu.

"Sikia hiyo!" akasema. "Inaimba vizuri kabisa. Nyie mama zangu wa milimani hamjui kuiweka tu."

Atuganile alikuwa bado ameshika plagi mkononi.

Dereva mmoja akacheka kwa sauti. Wengine kwenye benchi wakageuka kutazama. Nilitamani ardhi inimeze, wallahi. Atuganile hakucheka. "Baba," alisema, "bado haijawashwa." Zebedayo aliendelea kutabasamu, macho kafumba. Yule mama akanitazama mimi. "Hasikii?"

Nikatikisa kichwa, kwamba hapana, hasikii. Ni mara ya kwanza kumwambia mtu.

Zebedayo alipofumbua macho aliona plagi, akaona nyuso za watu. Akaondoa mkono polepole. Alinitazama mimi, si wao. "Siku ile alisema nini?" akauliza. "Yote."

Nilijikuta napaza sauti, kana kwamba kinachomzuia kusikia ni lori, mtaa mzima ukisikia. "Alisema mama yake haoni! Anashinda ndani peke yake! Alitaka maneno ya watu, siyo mdundo!"

Zebedayo akamgeukia Atuganile, akamweleza bila kugusa kitu: arudishe hii dukani, wakibisha wamwone yeye, achukue redio ya kawaida yenye spika moja ya mbele, isiyo na sabufa kabisa, aifungulie taarifa ya habari palepale dukani, asiwape nafasi ya kumwekea muziki, kama kuna neno lililompotea, aiache. Yule mama alifuata kila hatua. Baadaye nilisikia kwamba mama yake siku hizi anabishana na watangazaji.

Lakini kwa Zebedayo hapaji tena boksi. Wenye maduka wanapita wakimpungia mkono kwa heshima, na hawasimami.

Jioni ya siku ile, Zebedayo akikunja kitambaa cha meza, nilimwambia anisamehe. Nilisema taratibu ili asome. Nikamwambia nilidhani tatizo ni masikio yake.

"Kazi ile haikuhitaji masikio, Mama Gloria," alinijibu. "Ungeniambia tu kwamba mama yake ni kipofu."