Felisita na Samaki wa Mbugani

Felisita alizaliwa Lamadi, kwenye nyumba ambayo ukifungua dirisha asubuhi unapokelewa na harufu ya dagaa walioanikwa. Mama yake alikuwa mchuuzi wa samaki pale mwaloni, wanakoshushia wavuvi, naye alikulia hapo hapo, akitenganisha sato na sangara kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo alipoolewa na Ndalahwa, mfugaji wa Kimali kule Meatu, watu wa kwao walimhurumia. Kimali ni nchi ya ng'ombe, pamba na vumbi. Samaki hufika huko akiwa mkavu, ndani ya gunia.

Alikaa miaka mingi bila kulitaja ziwa. Alilima, akazaa, akalea, na binti yake wa kwanza, Lucy, akaolewa. Jambo lililoyageuza maisha yake lilimkuta akiwa ameshazoea kuitwa mama mkwe.

Ilikuwa msimu wa mvua. Alikuwa amepeleka ndama kunywa kwenye dimbwi lililo katikati ya mbuga ya udongo mweusi, nyuma ya majaruba ya mpunga. Kiangazi dimbwi hilo hukauka kabisa, na ardhi yake hupasuka nyufa za kumeza mkono mpaka kwenye kiwiko. Majuma machache tu yaliyopita alikuwa amekatiza hapo katikati bila kulowa unyayo. Sasa, ndani ya maji yenye rangi ya chai ya maziwa, kitu chekundu kilipita karibu na ukingo.

Akainama. Kikapita tena. Alikuwa samaki, mfupi kuliko kidole, mwili wa buluu inayong'aa, kila gamba limezungushiwa wekundu, na mkia mwekundu kama kitambaa kipya cha dukani. Nyuma yake akaja mwingine, wakakabiliana, wakatanua mapezi kama majogoo wawili wanaotaka kupigana.

Felisita aliwasahau ndama. Alifungua kitenge alichojitanda mabegani, akakitandaza majini kama wavu, akakiinua polepole. Samaki wanne wakarukaruka kwenye nguo. Alikuwa amekula, ameuza na amepaa samaki wa kila namna, lakini hawa hakuwahi kuwaona.

"Hao wanashuka na mvua," Ndalahwa alimwambia alipowafikisha nyumbani ndani ya ndoo. "Tangu utoto wetu wapo. Tulikuwa tunawachezea."

"Wanashuka kutoka wapi?"

"Juu."

"Juu kuna ziwa?"

Ndalahwa akacheka, akaendelea kufunga zizi. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Kwa Felisita ndiyo kwanza linaanza.

Aliliwaza shambani, akaliwaza jikoni. Mto ulikuwa mbali, na hata ukifurika maji yake hayafiki kwenye mbuga ile. Kama wangeshuka na mvua, mbona hawakushuka uani kwake, au juu ya paa la kanisa? Lazima walikuwa mle mle ndani. Kiangazi kilipofika na dimbwi likakauka, alichukua jembe akaenda kuchimba, akitarajia kuwakuta wamejizika kama kamongo. Hakukuta hata mwiba. Alirudi nyumbani amechoka, bonge la udongo mkononi, na alipolivunja ili alitupe, jua likamulika kitu. Ilikuwa punje ndogo kuliko ulezi, angavu kama tone la gundi. Kisha akaona nyingine. Felisita alikaa chini pale pale njiani. Mtoto wa mwaloni hawezi kukosea yai la samaki.

Alijaza udongo ule kwenye beseni, akaufunika, akauweka pembeni ya ghala mpaka mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya. Asubuhi moja akamimina juu yake maji ya mvua aliyokinga kwa sufuria. Mama mkwe wake, Bibi Milembe, alimtazama, kisha akauliza kama siku hizi tope linapikwa.

Mchana Felisita aliporudi kutoka shambani, alifunua beseni. Mwanzoni aliona maji machafu tu. Halafu maji yakatulia, akaona macho. Vitu vyembamba kama nyuzi, kila kimoja na macho mawili meusi, vilikuwa vinaogelea kwa kushtukashtuka. Aliita watu wote wa mji ule, waliokuwa karibu na waliokuwa mbali, na sauti yake ilikuwa kali kiasi kwamba Ndalahwa alikuja mbio na fimbo akidhani ni nyoka.

Aliiweka fimbo chini, akachungulia beseni. "Mama Lucy," alisema, "umefanya uganga gani?"

"Nimemwaga maji tu."

Aliwalea kwenye pipa lililokatwa nusu, akiwalisha viluwiluwi vya mbu. Walikua upesi ajabu. Kabla mwezi haujatimia baadhi walishaanza kuvaa rangi. Wengine walibaki wa kijivu na wanyonge, na kwa kuwa wale wekundu waliwafukuza mchana kutwa, Felisita aliwahurumia akawatenga kwenye ndoo yao. Alipoona wako imara, akawatia kwenye madumu mawili meupe, akapanda basi la Bariadi, akaunganisha mpaka Lamadi.

Alikuwa amesikia kwa dada yake kwamba mwaloni kuna mtafiti wa samaki kutoka Mwanza, mwanamke anayeitwa Muzdalifa. Alimkuta kwenye kivuli cha banda, amevaa buti za mpira na ushungi wa kijani, anapima sangara huku wavuvi wakimzunguka kwa haraka ya kuondoka. Felisita alimsalimu, akaweka madumu juu ya meza bila maelezo.

Muzdalifa aliinamia dumu la kwanza. Mkono wake ulioshika kipimo ukasimama hewani. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya ushungi, akaivaa tena.

"Dada, hawa umewatoa wapi?"

"Kimali. Kwenye udongo mkavu."

"Umewatoa, au wametoka wenyewe?"

"Niliumwagia maji."

Mtafiti aliwaomba wavuvi wamsubiri kidogo, na kwa uso aliokuwa nao hakuna aliyebisha. Alimweleza Felisita kwamba samaki wa namna hii wanajulikana katika nchi kavu za Afrika Mashariki. Huzaliwa na mvua, hutaga mayai kwenye tope na kufa dimbwi likikauka, na mayai hulala ardhini yakingoja maji. Lakini kutoka mbuga ile ya Kimali yeye hajawahi kuletewa hata mmoja, na rangi ya mapezi ilimtia hamu ya kuwalinganisha na wengine.

"Na hawa wa kijivu ni dagaa gani?" Felisita aliuliza, akionyesha dumu la pili. "Niliwatenga, maana wale wekundu wanawaonea."

Muzdalifa alicheka mpaka akashika meza. "Hao ndio wake zao. Umeivunja ndoa nzima."

Felisita naye akacheka, akaona aibu kidogo, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu. Kwa hiyo ule haukuwa ugomvi, ulikuwa uchumba! Njiani kurudi alitabasamu peke yake dirishani mpaka abiria wa jirani akamuuliza kama ametoka harusini.

Tangu hapo wakawa watu wa simu. Felisita alituma picha, Muzdalifa alituma maswali, na mara mbili alifika Kimali mwenyewe na nyavu zake, wakaingia dimbwini pamoja mpaka magotini. Watu wakaanza kumwita Felisita Mayu wa Tope, yaani Mama wa Tope kwa Kisukuma, na jina lenyewe alilipenda.

Kisha mwenyekiti wa kijiji, Bundala, akatangaza habari njema. Lambo la kunyweshea mifugo, lililoombwa kwa muda mrefu, lilikuwa limekubaliwa. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kitakuja kabla ya mvua. Mahali pa kuchimba ni pale pale kwenye dimbwi la mbugani, kwa sababu ndipo maji yanapokusanyika.

Felisita alipiga makofi pamoja na wenzake. Kiangazi kilichotangulia wao wenyewe walipoteza ng'ombe kwa kiu. Lakini jioni alimpigia Muzdalifa, na jibu lilimvunja moyo. Maji yakikaa mwaka mzima, mayai hayatapata kiangazi yanachokihitaji ili yaanguliwe, na kambare wataingia na kumaliza watakaobaki.

Kesho yake alikwenda kwa Bundala.

"Mwangaluka, bhabha," alimwamkia.

"Mwangaluka, mayu. Najua kilichokuleta. Unataka nimwambie diwani kijiko kirudi kwa sababu ya samaki wa urefu wa kidole?"

"Sitaki kirudi. Hata mimi nina ng'ombe. Nataka udongo wa juu, kabla hamjauchimba. Upande wa mashariki wa mbuga hiyo hiyo kuna bonde dogo, linajaa mvua ikinyesha, halina samaki na halifai kwa lambo. Tuuhamishie huko."

"Tuuhamishe na nani?"

"Ndilo nililokuja kukuomba. Nipe nafasi kwenye mkutano."

Siku ya mkutano alimwaga maji alfajiri kwenye beseni la udongo mkavu wa dimbwini, akalibeba kichwani mpaka uwanja wa shule, akaliweka chini kwenye jua la asubuhi. Hakuna kilichotokea. Wakajadili michango ya choo, wakajadili ng'ombe walioingia kwenye pamba, na kila alipochungulia aliona tope tu. Zamu yake ilipofika alisimama. Alieleza alivyoweza. Mzee mmoja akauliza samaki hawa wana faida gani, kama hawaliwi.

"Wanakula viluwiluwi vya mbu," Felisita alijibu. "Nimewaona kwa macho yangu. Lakini nisikudanganye, bhabha, si hilo linalonikosesha usingizi. Mimi nimekulia ziwani na sijawahi kuona kiumbe kama hiki. Kiko hapa kwetu."

Mzee alitaka kuendelea, lakini Bibi Milembe, aliyekuwa amekaa karibu na beseni, alinyoosha mkono kumzuia. Alikuwa ameinama, pua inakaribia kugusa maji.

"Vinatembea," alisema.

Mkutano ukavunjika bila kufungwa. Watu walisukumana kuzunguka beseni, watu wazima wakichuchumaa, wengine wakitazama juu ya mabega ya wenzao, na Bundala mwenyewe akapiga magoti vumbini na suruali yake ya mkutano. Alipoinuka, alisema mwenye mkokoteni ajitokeze.

Mikokoteni ilikuja mingi kuliko Felisita alivyothubutu kutumaini. Ndalahwa alifunga maksai wake wawili bora, akawa wa kwanza kufika. Walikwangua tope kavu kwa majembe, wakajaza viroba, wakavimwaga kwenye bonde la mashariki, huku Muzdalifa akipita katikati yao kuwaonyesha kina cha kukwangua. Kijiko kilifika wakiwa wanamalizia. Dereva wake aliuliza kama kijiji hiki huwa kinaiba udongo, kisha aliposimuliwa akashuka, akabeba kiroba kimoja begani.

Mvua ikachelewa. Felisita alilitazama bonde lile kila siku, akajiuliza kama hakuyachoma mayai juani, kama hakuyaponda kwa magurudumu. Muzdalifa hakumpa ahadi yoyote. "Hata mimi sijui," alimwambia kwenye simu. "Tungoje."

Ilinyesha mchana wa Jumapili, watu wakiwa wanatoka kanisani. Felisita hakungoja ipungue. Alikwenda na viatu mkononi, gauni limemganda mwilini, na alipofika bonde lilikuwa limejaa nusu, maji yanatibuka. Hakuona kitu. Siku iliyofuata vilevile. Siku ya tatu maji yalitulia, akachota kwa kikombe cheupe, akakiinua kwenye mwanga. Macho mawili meusi. Akachota upande mwingine, macho tena. Alizunguka bonde lote akichota na kurudisha, akiongea peke yake kwa Kisukuma, na Ndalahwa aliyemfuata kwa nyuma na mwavuli alibaki amesimama akimtazama mkewe jinsi alivyokuwa amejaa matope na furaha.

"Wabeja, Mama Lucy," alimshukuru.

Upande mmoja wa bonde haukutoa kitu, na mpaka leo hawajui kwa nini. Lakini samaki wa pande nyingine walikua, wakavaa wekundu wao, wakataga. Lambo nalo limejaa, na ng'ombe wa Kimali wanakunywa humo kiangazi kizima. Mwaka huu Muzdalifa alimchukua Felisita kwenye maonyesho ya Nane Nane kule Bariadi. Felisita alisimama kando ya kisanduku cha kioo chenye samaki wa Kimali, akiwaeleza wakulima na wanafunzi yupi bwana na yupi bibi, mpaka sauti ikamkauka.

Hapo mgeni mmoja kutoka Nyashimo alitazama kisanduku, akasema kwao kuna dimbwi nyuma ya mashamba ya mpunga, lina vidudu kama hivi, ila mkia wao ni wa njano.

Felisita alimshika mkono asije akapotelea kwenye umati. "Wa njano kabisa, au wa machungwa?" aliuliza, huku kwa mkono wa pili akimpungia Muzdalifa aje upesi.