Asegelile na Chama cha Parachuti cha Lyulilo

Ijulikane kwa watu wote, kuanzia Kyela mpaka Matema, na nakala imfikie Bwana DC kule Tukuyu: mwaka 1947, Lyulilo ilikuwa na Chama cha Warukaji kwa Parachuti. Kilikuwa na mwenyekiti, katibu, filimbi moja na parachuti moja. Kuruka tu ndiko kulikuwa bado.

Mwenyekiti alikuwa Asegelile, askari wa KAR, jeshi la Waingereza, aliyerudi kutoka Burma na parachuti la kushushia magunia. Kule kazi yake ilikuwa kusukuma mizigo nje ya ndege. Nyumbani, baada ya miezi miwili ya kusimulia, magunia yalitoweka kwenye hadithi, akabaki yeye ndiye anayeruka.

"Basi ruka tuone," katibu Eliud alimwambia mbele ya soko zima. "Au ulikuwa unawapikia wanaoruka?"

Asiporuka, angeitwa mpishi mpaka kaburini.

Wakapima genge la kurukia kando ya ziwa, upepo, mawe ya chini. Wakasahau swali ambalo mtoto yeyote wa Kinyakyusa angeuliza: mkamwana yuko wapi? Maana kwa mila mke wa mwanao humwoni, naye hakuoni. Akisikia kikohozi chako njiani, anaingia migombani mpaka upite. Njia ziligawanywa zamani, na visima pia. Anga hakuna aliyekumbuka kuigawa.

Jumamosi asubuhi Asegelile alifunga kamba ya kufungulia parachuti kwenye mzizi juu ya genge, akasali sala aliyoijua nusu, akaruka. Parachuti likafunguka. Alikuwa bado anatazama juu, kuhakikisha kwamba lipo, upepo ulipogeuka na kumsukuma kwenye uwanja wa kuuzia vyungu, ufukweni. Pale alikuwa ameinama Tusekile, mke wa mwanawe.

Eliud akapuliza filimbi. "Tusekile! Kimbia, baba mkwe anakuja!"

Tusekile akajifunika kanga usoni. "Anakuja kwa njia ipi?"

"Ya juu!"

"Ya kilimani?"

"Juu, we mama! Juu ya kichwa chako!"

Akakimbia kulia, upepo nao kulia. Akarudi kushoto, ukamfuata kama mposaji. "Mwambie baba asimame hapo hapo alipo!"

"Mwenyekiti, vuta kamba za upande wa ziwa!"

Asegelile hakujua kuogelea. Lakini kumwangukia mkamwana, mchana, mbele ya wazee wa kanisa! Hakuna ng'ombe wa fidia wa kufuta aibu ile. Akavuta kwa mikono miwili. Parachuti likajikunja, akaingia majini kwa kishindo, na wavuvi wakamwopoa pamoja na usipa, dagaa wa ziwa lile.

Chama kikavunjwa jioni ile ile. Jumapili, wanakwaya wakaja na blauzi mpya nyeupe za kitambaa cha parachuti.

Asegelile hakuitwa mpishi tena. Mwalimu Ezra alitembea kutoka Bujonde na daftari lake, akaketi, akachonga penseli, akamsalimu kama baba, kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, tata. Katika sisi sote, wewe ndiye uliyekuwa juu ya ziwa hili kama ndege. Linaonekanaje?"

"Sijui," Asegelile akasema. "Mkamwana alikuwa chini. Nilifumba macho."