Alama Sitini Chini ya Shali

Harufu ya shali ya sufu iliyolowa mvua, ikichanganyika na ya mbuzi, bado inanisisimua. Wengine wataziba pua. Mimi natabasamu peke yangu kama mwehu, kwa sababu nikiisikia tu narudi Kitengela ya miaka ya tisini, nyuma ya duka letu, niko darasa la tano na mkono wangu umefunikwa.

Shali ilikuwa ya Aabo, baba yangu. Alitoka Garissa akafanya biashara ya mifugo, akinunua mbuzi na ng'ombe kwa Wamaasai na kuwauzia wachinjaji. Mnadani hakupenda kutaja bei kwa mdomo. Kama walivyozoea kwao, alimshika mwenzake mkono, akaufunika kwa shali, wakapatana kwa kubana vidole, na waliosimama kando wasijue lolote. Na uso wake sasa! Ungedhani anangoja chai. Sisi watoto tulisema hata ng'ombe akimkanyaga mguu, Aabo hatakunja uso.

Mimi nilikuwa na wazimu wa jambo moja: bweni. Kajiado mjini kulikuwa na shule ya wasichana, na binamu yangu aliyesoma huko alikuja likizo na sanduku la bati lenye kufuli, akiongea Kiingereza hadi na kuku. Wivu ulinila nikakonda. Shida ilikuwa hisabati. Muhula wa kwanza nilipata thelathini na moja kwa mia. Basi jioni moja nikasimama mbele ya nyumba nzima nikatangaza, "Muhula huu napata mia! Halafu naenda bweni!" Kaka yangu Yusufu alicheka hadi akajimwagia chai.

Aabo hakucheka. Aliniita nyuma ya duka, akatandaza shali juu ya mikono yetu. "Unataka bweni. Haya, mimi ndiye mnunuzi. Kila kidole ni alama kumi, nusu kidole ni tano. Niuzie alama zako, nikulipe bweni."

Jamani, moyo ulinidunda! Hata Yusufu, mkubwa wangu, hakuwahi kufunikwa mkono na Aabo. Nikashika vidole vyake vyote vitano, nikaachia, nikavishika tena. Mia. Aabo akavuta shali yake akaondoka. Hivyo hivyo, akaenda zake kunywa chai, kama alivyowafanyia watu wa mnadani wanaotaja bei za mchezo. Nikabaki nimenyoosha mkono hewani.

Nikamkimbilia. "Aabo, rudi tuongee!"

Akarudi. Safari hii nikabana vidole vinne tu, maana arobaini niliiona ya karibu, nitaiokota hata nikisinzia.

"Mbona huyu mbuzi ni mgonjwa?" akauliza. "Nikimnunua, atafika Kajiado kweli?"

Akanibana saba. Nikarudisha tano. Akatikisa kichwa, nikatikisa changu, akajifanya anaondoka tena, nikaing'ang'ania shali. Mwishowe nikabana mkono mzima, kisha kidole kimoja juu yake. Sitini. Aabo akagonga kiganja changu kwa chake. "Imeuzwa!"

Sasa kazi ikaanza, na niwaambie ukweli, niliipenda. Ile mia haikuwahi kunionyesha pa kuanzia. Sitini ilinilazimisha kutafuta alama zangu zilikuwa zinapotelea wapi, nikagundua ni kwenye zile hesabu za nusu na robo. Naserian, tuliyekaa naye dawati moja, alizicheza kama kamba.

"Mimi niko na mandazi, wewe uko na hesabu," nilimwambia.

Tukapatana hapo hapo. Kila mapumziko alikula mandazi ya mama yangu huku akinichorea duara mchangani na kuzigawa. Nikikosea ananifinya sikio, nikipata anaruka na Kimaasai chake, "Sidai! Vizuri sana!" Mtihani wa katikati ya muhula ulinipa arobaini na nane, nikalala na karatasi ile chini ya mto.

Siku ya ripoti sikungoja hata kengele ya mwisho ilie vizuri. Nilitimua mbio hadi mnadani na sare yangu, udongo mweusi wa Kitengela ukining'ang'ania viatu, nikajipenyeza katikati ya ng'ombe na wazee. Aabo alikuwa kwenye mapatano ya fahali, mkono wake na wa mzee mmoja wa Kimaasai chini ya shali. Akaniona. Akautoa mkono kwa yule mzee, akaninyooshea mimi, akanifunika. Nikabana mkono mzima. Nikabana kidole kimoja. Kisha, polepole kwa kumtesa, nikabana nusu ya kingine.

"Allahu akbar!" Ule uso usiokunjwa na ng'ombe ulifunguka wote, meno nje, machozi yanamwagika. Mzee mwenye fahali, kumwona mnunuzi wake na furaha namna hiyo, akapandisha bei papo hapo. Aabo akalipa bila kubishana, na Januari iliyofuata nikabeba sanduku langu la bati kwenda Kajiado.

Miaka mingi baadaye, nimeshamaliza chuo, nilimuuliza alijuaje kwamba sitini ndiyo iliyonifaa. Mbona hakushikilia saba, au kuniachia tano?

"Mimi sikuwa nahesabu vidole," alisema. "Mia ulinipa na mkono mkavu. Arobaini pia, mkavu. Ulipofika sitini ukatoa jasho, hadi shali ikalowa. Na hukuuondoa mkono."

Siku hizi mimi ni mwalimu, na kila muhula ukianza wanafunzi wananitajia alama watakazoleta. Ninawasikiliza wote. Halafu nawapa mkono, na kwa aliye na kiganja kikavu nasema, "Haya, anza tena."