Mvua Iliyolaza Ukuta wa Jiko

Watu wakikaa kuzungumzia ile mvua ya mwishoni mwa miaka ya tisini, ile iliyoitwa El Nino, kila mmoja ana lake la kutisha. Huyu aliona daraja likienda na maji, yule aliona kilima kikihama. Wanangu huniuliza, "Baba, na wewe uliona nini?" Nawajibu kwamba niliona moshi. Hawaamini, lakini ndio ukweli wenyewe. Mvua kubwa kuliko zote za maisha yangu niliitazama kutoka jikoni, nimevaa kanga ya mke wangu.

Sina budi kueleza nilifikaje humo. Mimi tangu utotoni ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walipomaliza kidato cha nne wakakimbilia Dar, mimi nilikwenda mpaka stendi kuwasindikiza, nikarudi kula. Nikapata kazi kiwandani hapa hapa Morogoro, na nilipogundua kwamba bomba la kiwanda linaonekana kutoka dirishani kwangu, nikajua Mungu ananipenda. Kisha yakaja mambo ya soko huria. Bidhaa za nje zikamwagika sokoni, kiwanda kikakohoa kidogo, kikanyamaza. Tukaambiwa tumepunguzwa, kana kwamba tulikuwa tumezidi kama chumvi.

Mke wangu hakungoja. Alianza kufuata mchele Dakawa, baadaye Turiani, anauleta mjini kwa malori ya watu, siku nyingine analala huko huko. Jiko likawa langu. Tulisema ni kwa muda tu. Mwaka ukapita, nikajikuta nagombana na wauza mchicha kuhusu ukubwa wa fungu. Na niseme tu, kazi hiyo nilikuwa naipenda, mradi mlango umefungwa.

Maana kulikuwa na jambo moja. Katika ukoo wa mke wangu, huko juu milimani, mwenye sauti ni mjomba. Na mjomba alishasema siku ya harusi, tena mbele ya watu, kwamba siku atakayosikia mtoto wao ndiye anayemlisha mume, atateremka mwenyewe kumchukua, arudi kulima shamba la mama yake. Hakuwa mtu wa vitisho vya bure. Kwa hiyo kila tulipopanda kuwasalimia, tuliigiza. Mke wangu alipiga magoti kuninawisha, mimi nikaonja mboga, nikakunja uso: "Leo chumvi kidogo." Tukishuka, kwenye kona ya kwanza, mwamvuli wa mke wangu ulikuwa unanishukia mgongoni.

"Chumvi kidogo, eti! Ngoja ufike nyumbani, utaitafuta mwenyewe."

Mvua ilianza wakati tunatarajia jua. Ilinyesha mpaka nguo hazikauki, kiberiti hakiwaki, na vyura wanaingia ndani kukaa kama wapangaji. Mke wangu alikuwa Turiani. Habari ikaja kwamba mto umekata barabara na malori yamekwama. Nikiwa bado nawaza hilo, hapa kwetu Bigwa nikasikia hodi. Mama mkwe alikuwa amesimama barazani, matope mpaka magotini, kuku jike mwekundu kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ardhi imefunguka kule."

Sasa, kwa heshima aliyolelewa nayo yule mama, mkwe hatazamwi machoni wala hasemeshwi maneno mengi. Maneno hupitia kwa mtu wa tatu, na mtu wa tatu hakuwepo. Akaingia chumba cha mbele, akanipa mgongo, akamfunga kuku kwenye mguu wa kiti.

"Kuku, muulize mkwe wangu, binti yangu yuko wapi?"

Nikamwambia kuku kwamba yuko Turiani, amekwama, ila ni mzima. Anafanya nini huko sikumwambia. Nikatokea mlango wa uani, mbio mpaka kwa jirani.

Jirani yangu ni mama wa Kinyamwezi, na kwa kuwa mimi ni Mluguru, ni mtani wangu. Nikamweleza: mimi nitapika, yeye apeleke chakula aseme amepika yeye. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Yaani niwe mkeo bila mahari?"

"Mtani, kwa siku mbili tatu tu."

"Na ukizidisha chumvi, aibu ya nani?"

"Sijawahi kuzidisha chumvi."

"Haya, bibi harusi. Kapike."

Ndivyo tulivyoishi. Jiko letu lilikuwa kibanda cha fito na udongo, uani, na mimi humo ndani nimejifunga kanga kwa sababu suruali zangu zote zilikuwa zinanuka ukungu kwenye kamba. Kanga yenyewe imeandikwa YA NDANI HAYAKUHUSU. Jirani alichukua sinia, akazunguka mpaka mlango wa mbele, na mimi nikatega sikio.

"Ahsante, mwanangu. Una mkono wa mapishi."

"Nimefundishwa na mtani wangu mmoja hivi," jirani alijibu, kisha akaja kunikonyeza. "Jioni pika kisamvu. Nimeanza kusifiwa, usiniangushe."

Kilichoanguka ni ukuta. Mchana mmoja ulishuka upepo kutoka mlimani, ukaipindisha mvua ikawa inapiga ubavuni, na udongo wa jiko ulishakuwa uji siku nyingi. Hapakuwa na kishindo. Ukuta wa upande wa nyumba uliinama taratibu, kama ng'ombe anayelala, ukatulia chini. Nikabaki nimechuchumaa, kifua wazi, mwiko mkononi, machozi ya moshi mashavuni, na maandishi ya kanga yakisomeka vizuri kabisa. Mbele yangu, kwenye mlango wa uani, alikuwa mama mkwe, ametoka kutazama upepo.

Mimi ambaye maisha yangu yote nimekimbilia ndani, sasa ndani kwenyewe kulikuwa kumenitoa nje.

Alijifunika uso kwa upande wa kanga yake, akageuka. Kuku alikuwa kwapani. 

"Kuku," akasema, "mwambie mkwe wangu ugali unaungua."

Nikaugeuza ugali. Ningefanya nini kingine?

Jirani alifika na sinia lake, akaona ukuta, akaona kanga, akafungua mdomo.  Akaweka sinia juu ya tope, akarudi kinyumenyume.

Nikavaa suruali mbichi, nikapeleka chakula mwenyewe, nikakiweka mlangoni. Kisha nikaanza kujitetea. Kuku, mwambie mama, kiwanda kilifungwa. Kuku, mwambie, ni kwa muda tu. Mwambie, mjomba asije akasikia. Nilimsemesha yule kuku kama wakili mbele ya hakimu. Mama mkwe akaniacha nimalize.

"Mwambie mimi sikuja kukagua jiko. Siku ile nilisema ardhi imefunguka. Nilikuwa na nyumba, sasa sina. Ilishuka yote, na migomba, na mbuzi wangu. Nimekaa hapa nangoja aniulize."

Siku zote zile nilimtuma jirani aulize kama chumvi inatosha. Nyumba yake sikuiuliza. Hata pole sikusema, na kwetu mtu akijikwaa barabarani hupewa pole na asiyemjua.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama, pole."

"Mwambie nimeshapoa," akajibu, akavuta sinia.

Mke wangu alirudi juu ya trekta la watu, amelowa na magunia yake. Kumwona mama yake tu, akakimbilia maji ya kunawa, akaanza kunipigia magoti.

"Kuku, mwambie binti yangu aache. Hayo magoti yana matope ya kutosha."

Mke wangu akanigeukia. Mimi nikatazama mafiga.

Jua liliporudi, mjomba aliteremka kumchukua dada yake wakajenge upya. Alikula, akashiba, akapangusa mdomo, ndipo akauliza, "Hivi nani anapika nyumba hii? Nasikia huyu mtoto kila siku yuko na magunia."

Nilikuwa nyuma ya ukuta mpya wa jiko, udongo wake haujakauka, mwiko umeganda mkononi. Mama mkwe alikuwa na haki zote za kusema.

"Kaka," akasema, "nimekaa hapa mvua nzima. Unaniona nimekonda?"

Mjomba akacheka, akaomba maji. Hapo ndipo iliponipasa nitoke na mwiko wangu, nimtazame usoni, niseme mpishi ni mimi. Sikutoka. Nilisimama pale pale mpaka nikasikia wanaagana. Ugali uliungua tena, na safari hii hakuna aliyenitumia habari. Kuku, tuliyeachiwa na mama mkwe, alikuwa mlangoni pa jiko ananitazama.