Shikamoo Sita za Mama Mdogo

Nianze kwa kukiri kabisa, nisije nikabadili mawazo nikafunga daftari. Ile sauti iliyotoka kwenye spika siku ya mashindano, ikasikika Chumbageni yote, ikisema kwamba mama mdogo Saumu anacheleweshwa na wazee, ilikuwa sauti yangu. Mimi Mwanamkasi, ambaye mwalimu akiita majina pale kidato cha tatu hunyoosha mkono tu kwa sababu neno "nipo" hunigomea kooni.

Mashindano yenyewe si mbio tu. Unazunguka mitaa, ukirudi kwenye uwanja wa jimu ya mazoezi unakuta kazi inakungoja: mara uvute kigari cha chuma kisicho na magurudumu, kimepakiwa mifuko ya mchanga, mara ulale chini uinuke uruke, mara ubebe ndoo mbili za maji bila kumwaga, halafu unatoka tena mitaani, mizunguko sita na kazi sita, na mwisho wa kuhesabiwa ni muda wa saa moja na nusu tangu kuanza. Mwaka jana mama mdogo alichelewa kwa dakika mbili. Akakuta utepe wa kumalizia umeshakunjwa na watu wanapanga viti. Alicheka na kila mtu, lakini mimi nilimwona akipapasa ule mti uliokuwa umefungiwa utepe, kama mtu anayetafuta kitasa gizani.

Medali hazitaki. "Nataka nikate utepe kwa kifua changu mwenyewe," aliniambia, "hata mara moja." (Ana miaka arobaini kasoro kidogo, anauza nazi soko la Mabawa, na tangu mumewe afariki mimi ndiye ninayelala kwake.)

Sasa mimi kusema sijui, ila kuhesabu najua. Nikajiteua kuwa mchambuzi wake. Jumamosi tatu mfululizo nilimfuata kwa baiskeli na simu mkononi, nikawa naandika muda wa kila kipande kwenye daftari la miraba la hesabu. Kwenye kigari anawashinda hata wanaume, magunia ya nazi yamemfunza. Kuruka hawezi, anaruka kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto mchanga. Lakini kuruka siko kulikomwangusha. Muda alikuwa akiupoteza mahali pamoja, kila mzunguko, nje ya duka la vitambaa la Babu Gulamu, kwenye benchi ambalo mzee huyo hukaa asubuhi na Bibi Mize, jirani yake aliyehamia hapa kutoka Pemba zamani sana.

"Shikamoo Babu, shikamoo Bibi!"

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo."

"Na mama yako, ule mguu?"

"Unaendelea, alhamdulillahi."

"Nsalimie sana. Umekula lakini?"

Na hapo amesimama kabisa, mikono kifuani, kichwa kimeinama, jasho linadondoka. Mzunguko wa pili vilevile, na mguu unaulizwa tena, kana kwamba katika robo saa ungeweza kupata habari mpya. Sekunde arobaini kila akipita. Mara sita ni dakika nne. Nikapiga mstari mwekundu chini ya jibu: bila benchi lile, mama mdogo anakata utepe na dakika mbili za kuchezea.

Tatizo, namwambiaje? Mtoto unaanzaje kumwambia mtu mzima asiwasalimie wakubwa? Na kwenda kuwaambia wale wazee wasiitikie, bora nimeze wembe. Basi nikachukua uamuzi mdogo, mdogo mno, nikanunua karatasi ya manila. Nikaandika kwa kalamu nene:

WAZEE WETU, SAUMU AMESHAWASALIMIA. SHIKAMOO SITA, ZA MIZUNGUKO YOTE. MGUU WA MAMA UNAENDELEA.

Mpango ulikuwa niisimamishe mbele ya benchi, wazee wasome, wacheke, wampungie tu mkono akipita. Na ili isijikunje nikabandika nyuma yake ule ukurasa wa hesabu zangu. (Gundi ilikuwepo, ukurasa ulikuwepo. Ndivyo mtu anavyojichimbia.)

Siku ikafika. Mzunguko wa kwanza nilikuwa nimejificha nyuma ya nguzo ya duka na manila yangu. Akapita, akasimama, akasalimu. Wa pili vilevile. Alipokata kona kurudi uwanjani nikajisukuma, nikatoka, nikaiinua.

Bibi Mize akaikodolea macho. "Mie sina miwani, mjukuu wangu. Nsomee."

Nikasoma.

"Sauti hiyo ya kumsomea sisimizi?" akasema Babu Gulamu. "Toa sauti, mama!"

Watu waliokuwa kando wakasogea. Na hapo mshereheshaji, aliyekuwa akizunguka na kipaza sauti akitafuta la kusema, akaona manila, akaja mbio. "Hapa kuna shabiki, jamani! Tusomee, dada, dunia isikie!" Kipaza sauti kikaja mpaka puani. Nikasoma upande wa mbele huku nimefumba macho nusu. Watu wakacheka vizuri tu, hata Babu Gulamu alicheka. Ningekomea hapo leo nisingekuwa naandika.

"Na huko nyuma kumeandikwaje?" akauliza Bibi Mize.

Mimi nikiulizwa na mkubwa najibu, ndivyo nilivyolelewa, akili haikuniambia kwamba naweza kusema "hamna kitu, Bibi". Nikageuza karatasi, nikasoma: "Kigari, vizuri sana. Kuruka, dhaifu. Benchi la wazee, hasara. Babu Gulamu sekunde kumi na tano, Bibi Mize sekunde ishirini na tano kwa sababu ya kuuliza mguu. Sababu kuu ya kushindwa mwaka jana ni wazee."

Mshereheshaji akashusha kipaza sauti. Spika ikanirudishia "ni wazee" kutoka upande wa uwanjani, ambako mama mdogo wakati huo alikuwa na kamba ya kigari mikononi.

"Kumbe ni sisi," akasema Bibi Mize taratibu.

Babu Gulamu akainuka, akamshika mkono, wakaondoka zao. Benchi likabaki na mto wake wa kukalia.

Mama mdogo aliporudi mzunguko wa tatu alikuta benchi tupu na mimi nimesimama na manila kama bango la kukodisha nyumba. "Mwanamkasi! Umewafukuza wazee wangu?" Akaingia dukani, akapiga hodi, hakuna mtu. Akaenda mpaka mlango wa nyuma, akagonga, mtu yuko kwenye mashindano huyo, namba imebandikwa kifuani, wenzake wanampita, anagonga mlango ili aombe radhi. Dakika mbili na ushee. Nilihesabu, Mungu anisamehe, kidole kilibonyeza simu chenyewe.

Mzunguko wa nne na wa tano alipita bila kusimama. Kwa sekunde chache nilifurahi, sitadanganya. Halafu nikamtazama akielekea kwa fundi baiskeli, aliye mbele kidogo ya duka, anatembea. Mkono kiunoni, anatembea. Nikafungua daftari na kuona jambo ambalo Jumamosi zote tatu nililiandika kwa mkono wangu bila kuliona: kutoka benchini mpaka kwa fundi baiskeli ndicho kipande alichokuwa akikimbia kwa kasi kuliko vyote, kila mzunguko. Sasa kilikuwa kibovu kuliko vyote.

Mzunguko wa sita niliitupa manila nikakimbia kando yake. Nilisikia pumzi zake tu. Saa moja na nusu ilitupita tukiwa bado na kazi ya ndoo. Nilijua utepe unakunjwa. Nilimwona naye anajua, kwa jinsi alivyoziweka ndoo chini polepole, hakumwaga hata tone.

Tukakata kona ya mwisho, ya nyuma ya jimu, na utepe ulikuwepo.

Upande mmoja ameushika Babu Gulamu, upande wa pili Bibi Mize ameuzungusha mkononi mara tatu, na mbele yake mtu wa waandaaji anambembeleza. "Bibi, muda umekwisha, tunaomba utepe wetu."

"Muda wenu ndio uliokwisha," Bibi Mize anamjibu. "Mie nadaiwa kuitikia. Shikamoo sita, nilizoitikia mbili."

(Kumbe hawakuondoka kwa kinyongo. Walisogea ili wasimcheleweshe mtoto wao, wakaja kumngoja mahali ambapo hakuna pa kuchelewa tena.)

Mama mdogo akaukata utepe kwa kifua, akapiga hatua mbili, akageuka, akainama mikono kifuani. "Shikamooni."

"Marahaba, marahaba, marahaba, marahaba," akaitikia Bibi Mize, anahesabu kwa vidole. "Na mguu wa mama?"

Jioni nilimwomba radhi, kwa maandishi, kwa sababu mdomo uligoma. Alisoma, akaikunja karatasi, akaendelea kukuna nazi. Halafu akasema bila kuniangalia, "Nilipotoka eda sikuwa na nguvu za kufika popote. Nilikuwa natembea mpaka lile benchi, naitikiwa, narudi. Siku moja nikaona naweza kuvuka nikafika kwa fundi baiskeli. Pale ndipo ninapopumua, Mwanamkasi. Ungeniuliza."

Ungeniuliza. Neno moja, na mimi nilikuwa na kurasa kumi na mbili.

Kwenye orodha ya waliomaliza hayumo, alichelewa kwa dakika tatu. Kipande cha utepe amekifunga kwenye kitasa cha kabati. Mimi nimeapa: sitamchambua tena mtu kabla sijafungua mdomo nikamuuliza. Na nimeanza kujifunza kuufungua, maana kila asubuhi nikienda shule sasa lazima nipite kwenye lile benchi, na Babu Gulamu huwa ameshatoa saa yake mfukoni. "Salimia, mchambuzi," ananiambia. "Leo nakupimia mimi."