Alama ya Kuuliza Tena

Ofisini tulimwita Mama Kati, kwa kuwa kazi yake ilikuwa lugha ya kati. Kompaila yetu hugeuza programu iliyoandikwa na mtu iwe amri za mashine, na katikati ya safari hiyo programu hukaa katika lugha ambayo hakuna anayeizungumza. Humo ndimo hatua zinazoonekana hazina kazi hufutwa, ili mashine iende mbio. Mama Kati ndiye aliyeamua lugha hiyo iwe na maneno gani, na kichwa chake kigumu mimi niliyekaa meza ya pili nakijua.

Asubuhi moja tulikuwa karibu kuwatumia toleo jipya la kompaila watengenezaji wa milango ya lifti. Mama Kati akasimama mbele ya mkuu wetu.

"Bosi, usitume. Programu ya mlango inatakiwa iulize kihisio 'Kuna mtu?' mpaka mlango ufungike. Kompaila inaona swali ni lile lile, inabakiza la kwanza, mengine inafuta. Nataka alama mpya: hili uliza kila mara."

"Alama nyingine tena! Mama, lugha ikijaa makorokoro itatushinda. Na majaribio yote yamepita."

Majaribio gani? Ya kwenye kompyuta, yasiyo na mkono wala kidole! Nilikasirika. Lifti zile zilikuwa za hospitali ambako binti wa Mama Kati ni muuguzi, anashinda akisukuma vitanda vya wagonjwa ndani na nje.

"Yamepita? Basi twende kwenye mlango wa mfano, uweke mkono."

Mkuu akacheka, akakunja mkono wa shati. Mlango ulipoanza kujifunga, mkono wake ukasita hewani. Mama Kati akachukua ufagio wa koridoni, akauchomeka. Mlango haukujali. Mpini ukavunjika, na kicheko cha mkuu kikaishia hapo.

"Iweke hiyo alama," akasema.

Mama Kati akaiweka. Tukaunda toleo upya, tukarudi mlangoni. Nikampa kipande cha ufagio. Akakisukuma pembeni, akapitisha mkono wake mwenyewe.

"Mama, acha bwana!"

Mkuu akapiga kelele. Mlango ukaja, ukaja, ukasimama karibu na bangili yake, kisha ukarudi nyuma. Mkuu akashusha pumzi, akaanza kunipongeza mimi, sijui kwa lipi.

Mama Kati hakuutoa mkono.

"Funga tena," akaniambia. "Mwanangu hapiti hapo mara moja tu."